Taa Isiyo na Muhuri: Wakusanyaji wa Mississauga na Historia ya Kibatari

Kiswahili huyaita mafuta haya kwa kazi yake: mafuta ya taa. Jina la kerosini lilibuniwa na Abraham Gesner, tabibu na mwanajiolojia aliyezaliwa Nova Scotia mwaka 1797. Mwaka 1846, mjini Charlottetown katika kisiwa cha Prince Edward, Gesner alionyesha hadharani mafuta mepesi aliyoyapata kwa kuyapasha moto makaa ya mawe na kuupoza mvuke wake. Baadaye akayapa jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nta. Jina lake linamkumbuka mvumbuzi na maabara yake. Jina la Kiswahili linamkumbuka mtu aliyekaa karibu na taa. Tofauti hiyo hurudi kila pale taa za kale zinapokusanywa, kwa kuwa mkusanyaji naye huamua, hata bila kujua, kama taa ikumbukwe kwa aliyeitengeneza au kwa aliyeitumia.

Suala hilo lina sura yake mahususi huko Mississauga, jiji linalopakana na Toronto upande wa magharibi. Historia ya mafuta haiko mbali nalo. Mwaka 1858, katika eneo lililokuja kuitwa Oil Springs kusini-magharibi mwa Ontario, James Miller Williams alichimba kisima cha mafuta ghafi na kuyasafisha yauzwe kwa ajili ya taa, mwaka mmoja kabla ya kisima mashuhuri cha Edwin Drake huko Pennsylvania. Katika karne ya 20 kazi ya kusafisha mafuta ilifanyika ndani ya eneo la Mississauga yenyewe. Port Credit palikuwa na kiwanda tangu miaka ya 1930 hadi kilipofungwa katika miaka ya 1980, na huko Clarkson kampuni ya British American Oil ilifungua chake mwaka 1943. Clarkson hiyohiyo imo nyumba ya Bradley, iliyojengwa mwaka 1830 na ambayo sasa ni makumbusho. Kuta zake ni kongwe kuliko mafuta ya taa.

Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu karibu 718,000 katika jiji hilo, na zaidi ya nusu yao ni wahamiaji. Miongoni mwao wamo waliotoka Dar es Salaam, Mombasa, Kampala, Bukavu na Unguja. Kwa hiyo jijini humo wanaishi bega kwa bega watu wanaozitazama taa za mafuta kwa macho mawili tofauti: wale ambao kwao taa hizo ni za enzi za bibi na babu, na wale waliosoma shule chini ya mwanga wake.

Umbali baina ya makundi hayo ni mfupi kuliko unavyodhaniwa. Tume ya serikali ya kusambaza umeme wa nguvu za maji Ontario iliundwa mwaka 1906, na miji ikapata nuru mapema. Lakini mashamba mengi ya mkoa huo yaliendelea kuwasha taa za mafuta hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mkulima wa Ontario wa miaka ya 1930 aliijua kazi ya kupunguza utambi na kufuta masizi kwenye kioo sawasawa na alivyoijua mwalimu wa Tanga wa miaka ya 1970. Kinachowatenga ni kizazi kimoja au viwili, pamoja na jambo moja zaidi: upande mmoja taa zimehifadhiwa, upande wa pili zimetupwa.

Wakusanyaji wa Mississauga huzitafuta taa katika masoko ya vitu vya kale yaliyo umbali wa kama saa moja kwa gari, kama vile soko la Aberfoyle karibu na Guelph, au maonyesho ya Christie karibu na Dundas. Huko taa huanza kusomwa kwa kupinduliwa. Chini ya tangi la taa nyingi za Coleman, kampuni ya Wichita iliyokuwa na kiwanda chake Toronto, umepigwa muhuri wa mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Taa za reli husomwa kwa herufi zilizochorwa juu ya kifuniko au kwenye kioo. Taa yenye herufi za Grand Trunk ni dalili ya miaka iliyotangulia 1923, kwa kuwa mwaka huo reli hiyo iliunganishwa na shirika la taifa. Majina ya watengenezaji nayo huelekeza: Hiram L. Piper ni Montreal, E. T. Wright ni Hamilton. Anayezijua alama hizi huweza kuitaja nasaba ya taa kabla hata ya kuuliza bei.

Elimu hii si ya kubezwa. Imetunza kumbukumbu za viwanda vilivyofungwa na za mafundi ambao majina yao hayamo katika vitabu vya historia. Ina hata maadili yake. Taa iliyotobolewa tangi ili kupitisha waya wa umeme hushuka thamani machoni pa wakusanyaji, kwa sababu imenyimwa uwezo wa kuwaka kama ilivyokusudiwa. Ila elimu hii inategemea sharti moja: taa iwe na muhuri. Isiyo na muhuri haina pa kuanzia.

Sharti hilo halina tabu kwa kandili. Kandili ya upepo, ile yenye mabomba mawili ya bati ubavuni, ni kifaa cha kimataifa. John Irwin wa Marekani aliibuni mifumo yake miwili mikuu katika miaka ya 1860 na 1870. Katika mfumo wa kwanza, mabomba huirudisha hewa iliyokwisha kupata joto kwenye mwali; katika wa pili, huleta hewa safi na baridi kutoka juu, na mwali hung'aa zaidi. Kampuni ya Robert Dietz, aliyeanza kazi ya taa New York mwaka 1840, iliieneza mifumo hiyo duniani, na baada ya Vita vya Pili utengenezaji wake ukahamia Hong Kong, kisha China. Washindani wake wakubwa walikuwa Wajerumani wa Feuerhand, jina lenye maana ya mkono wa moto, waliotengeneza kandili zao Beierfeld katika jimbo la Saxony. Ujerumani ilipogawanyika, kazi hiyo ilihamia Hohenlockstedt, kaskazini mwa Ujerumani Magharibi. Kandili iliyoandikwa kuwa imetoka Ujerumani Magharibi, iwe imepatikana Aberfoyle au Pangani, ni ya baada ya vita. Kwa taa za aina hii, mkusanyaji wa Ontario na mzee wa pwani wanaweza kuongea lugha moja.

Hata hivyo Kiswahili kilizipanga taa kwa utaratibu wake chenyewe, na majina yake ni hazina ambayo muhuri wa kiwanda hauwezi kuibeba. Kandili na fanusi yalipita katika Kiarabu. La kwanza lina asili ya Kilatini, la pili ya Kigiriki. Chemli, au chemni, ni neno la Kiingereza la dohani, lililohamia kwenye kioo cha taa na hatimaye kwenye taa nzima. Karabai ni jina lililoachwa na taa za kabaidi zilizowaka kwa gesi, na likarithiwa na taa ya pampu, ambayo haina kabaidi hata chembe. Mtu aliyesema "leteni karabai" katika arusi ya mwaka 1965 alikuwa akiitaja teknolojia iliyokwisha kupitwa ili aiite iliyoichukulia nafasi.

Majina hayo yalikuwa pia madaraja ya heshima na ya gharama. Karabai ilikuwa taa ya hadhara: ya arusi, ya maulidi, ya mkutano wa kisiasa wa usiku. Taa hiyo, maarufu zaidi kwa chapa ya Petromax iliyoanzishwa na Max Graetz wa Berlin, huyageuza mafuta kuwa mvuke kwa shinikizo la pampu, na mvuke huo huwaka ndani ya kisoksi cha nyuzi kilichotiwa madini, uvumbuzi wa Carl Auer von Welsbach wa Vienna wa miaka ya 1880. Katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria karabai ikawa chombo cha uvuvi. Wavuvi wa dagaa waliziwasha juu ya maji katika usiku wa giza ili samaki waufuate mwanga, na mwezi mpevu ulipotoka wakapumzika, kwa kuwa mwanga wa mbinguni uliishinda taa yao. Chemli ilikuwa taa ya sebule na ya safari ya usiku, na ndiyo aliyotengewa mgeni. Jikoni, chumbani mwa watoto na kwenye meza ya muuza karanga barabarani, taa ilikuwa kibatari.

Kibatari, ambacho Kenya hujulikana zaidi kwa jina la koroboi, ni kopo la bati lenye mfuniko uliotobolewa tundu, mrija mwembamba uliopenyezwa hapo, na utambi wa pamba au wa kitambaa kilichosokotwa. Hakina kioo wala kirekebisho cha mwali. Fundi bati alikitengeneza kwa mkasi, nyundo na lehemu kidogo, kutokana na makopo ya maziwa, ya dawa au ya rangi, au kutokana na debe. Na debe lenyewe ni mtoto wa biashara ya mafuta. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, mafuta ya Marekani yalifika bandari za Bahari ya Hindi katika makopo ya galoni tano, mawili katika kila sanduku la mbao. Kopo hilo liliitwa kwa neno lenye asili ya Bara Hindi, likawa chombo cha kutekea maji, kisha kipimo cha mahindi na maharage ambacho kinatumika hadi leo. Lilipotoboka lilikatwa vipande, na baadhi ya vipande vikawa taa za kuunguzia mafuta yaleyale yaliyokuja ndani yake.

Hapa ndipo elimu ya muhuri inapokwama. Kibatari hakina jina la kiwanda, mwaka wala namba ya hataza. Kama kina maandishi yoyote, ni ya bidhaa nyingine: nusu ya jina la maziwa ya unga, au picha ya ng'ombe iliyokatwa shingoni. Mkusanyaji anayefuata kanuni za masoko ya Ontario hawezi kukiweka katika orodha yake, na bei yake haiwezi kukadiriwa. Lakini kwa kigezo cha idadi ya watu waliokitumia, kibatari ndicho taa kuu ya Afrika Mashariki ya karne iliyopita. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 iliuliza kila kaya inapata mwanga kwa njia gani. Taa ya bati ndiyo iliyotajwa zaidi, ikizishinda chemli na umeme. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2019 ilikuta takriban nusu ya kaya zinatumia umeme, na karibu moja katika kila tano zinatumia taa za sola. Kifaa kilichokuwa katika mamilioni ya nyumba kilisalia katika nyumba chache ndani ya mwongo mmoja. Ni vigumu kupata kifaa kingine cha nyumbani kilichoondoka upesi hivyo huku kikiombolezewa na wachache hivyo.

Kutokuombolezwa huko kuna sababu, na ni haki kuzitaja. Mwali ulio wazi, usio na kioo, huunguza mafuta vibaya. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba taa za utambi za aina hii hugeuza kati ya asilimia 7 na 9 ya mafuta yake kuwa masizi meusi. Waliosomea kibatari hawakuhitaji takwimu hiyo. Waliyaona masizi puani mwao asubuhi. Kopo lilipopinduka juu ya mkeka, mara nyingi aliyeungua alikuwa mtoto. Mafuta nayo yalikuwa kodi isiyo na jina: maskini waliyanunua kwa kipimo cha chupa ya soda au pungufu, siku kwa siku, na kwa kila saa ya mwanga hafifu wakalipa zaidi ya jirani mwenye umeme. Miaka ya mwanzo ya 1980, Tanzania ilipobanwa na gharama za vita vya Kagera na bei ya mafuta duniani, hata fedha mkononi haikuhakikisha kwamba dukani yapo.

Bei hiyo ilipanda tena kwa sababu ambazo maskini hawakuzisababisha. Mafuta ya taa yalipotozwa kodi ndogo ili wanyonge wamudu, wafanyabiashara waliyachanganya na dizeli kwa faida, na neno uchakachuaji likaingia katika midomo ya watu wote. Serikali ya Tanzania ilijibu mwaka 2011 kwa kupandisha ushuru wa mafuta ya taa. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita. Wachakachuaji walibanwa, na pamoja nao akabanwa mama wa koroboi. Sehemu ya kasi ya kutoweka kwa taa hiyo ilitokana na sola iliyoshuka bei, na sehemu nyingine ilitokana na uamuzi huo wa kodi.

Hata umeme ulipofika, haukufuta kumbukumbu ya taa. Wazanzibari walikumbushwa mara mbili. Mei 2008 Unguja ilipoteza umeme kwa takriban mwezi mmoja. Tena kuanzia Desemba 2009 kisiwa kilikaa gizani kwa miezi mitatu hivi. Chemli zilizokuwa zimesahauliwa juu ya makabati zilishushwa, na vijana waliozaliwa na swichi ukutani wakafundishwa na bibi zao kupunguza utambi ili kioo kisipasuke. Kwa watu hao taa haikuwa ya kale wala ya kisasa. Ilikuwa akiba ya maarifa.

Basi kwa nini mtu aliyelelewa na masizi hayo ainunue chemli Ontario? Kwa wengine jibu limo katika namna walivyoondoka. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuihama nchi, na Kanada ikawapokea maelfu yao. Familia inayofunga virago kwa siku 90 huchukua vyeti, picha na dhahabu kama ipo. Taa ya jikoni haina nafasi katika sanduku. Waliohama baadaye, kwa masomo, kazi au vita, nao hawakubeba chemli katika ndege. Hivyo taa iliyo juu ya rafu ya nyumba ya Mwafrika Mashariki huko Mississauga, kwa kawaida, haikurithiwa. Imenunuliwa katika soko la watu wengine ili isimame mahali pa ile iliyoachwa. M. G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam na kuhamia Toronto, aliijenga riwaya yake ya mwaka 1989, *The Gunny Sack*, juu ya gunia la vikorokoro lililorithiwa, ambamo kila kitu hufungua hadithi. Taa ya kununua haina gunia lake. Inamkumbusha mnunuzi mambo ambayo yenyewe haikuyashuhudia.

Hapo kuna hatari, na haimhusu mhamiaji peke yake. Taa ikisuguliwa ikang'aa, ikawekwa chini ya balbu ndogo ya rafu, inasimulia utulivu wa jioni na kuyaficha masizi, moto na foleni ya dukani. Wakusanyaji wenyewe wanabishana tangu zamani kuhusu usafi: wapo wanaotaka bati lirudi kama lilivyotoka kiwandani, na wapo wanaosema kutu na rangi iliyochubuka ni sehemu ya maandiko ya taa. Historia ya Afrika Mashariki inawaunga mkono hawa wa pili. Lehemu iliyozibia tundu, mshikio uliobadilishwa kwa waya, kioo kilichopasuka na kubandikwa karatasi: hizo ndizo tarehe za kandili ya Afrika, na mtu akizisafisha hubaki na muhuri wa Kijerumani tu.

Kwa kibatari kazi ni ngumu zaidi na ya haraka zaidi, kwa kuwa chenyewe hakina cha kusoma bila mtu wa kukisimulia. Anayetaka kukihifadhi lazima aandike kando yake mambo ambayo orodha za kawaida za wakusanyaji haziulizi. Kopo hili lilikuwa la nini kabla halijawa taa? Utambi ulitoka katika nguo gani? Nani alitumwa dukani, na mafuta yalipimwa kwa chombo gani? Taa ilizimwa saa ngapi, na nani aliyeamua kwamba mafuta yaliyobaki ni ya kesho? Nyumbani kiliitwaje: kibatari, koroboi, au jina jingine la kitongoji ambalo kamusi haijalipata?

Majibu ya maswali hayo hayapatikani chini ya tangi. Yamo kwa wazee wanaoishi katika maghorofa ya Mississauga, wengi wao wakiwa wamepita miaka sabini, ambao wajukuu zao wanapitia pamoja nao meza za Aberfoyle wakiuliza ile taa yenye kioo ilikuwa ya nini. Mara nyingi mzee huanza kwa kueleza kandili iliyo mbele yake, kisha husema kwamba kwao nyumbani hawakuwa na hii. Walikuwa na nyingine, ndogo, ya kopo. Sentensi hiyo ya pili ndiyo inayopaswa kuandikwa.